Risala ya Klabu ya Malihai kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ndege Wanaohama Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, viongozi wa kijiji, malaigwanani wetu, yaani viongozi wa jadi wa Kimaasai, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Karibu sana Ziwa Natron. Tunajua vumbi ulilokula njiani hadi ukapita chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, na hatutajifanya kwamba barabara ni nzuri. Hiyo ni risala ya siku nyingine. Leo tumekuja na habari ya heroe, yaani flamingo.

Mheshimiwa, inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa katika ziwa hili. Utawaona katika maziwa ya Nakuru, Bogoria na Manyara wakila, lakini katika Afrika Mashariki yote hapa ndipo wanapotegemea kuzalia. Maji yetu ni makali, yanachubua ngozi, na tope la magadi halimpitishi fisi wala mbweha. Katikati ya ukali huo heroe hujenga kichuguu cha tope na kutaga yai moja tu. Akipoteza hilo, mara nyingi msimu umekwisha.

Mwaka 1962 Natron ilifurika, heroe wakaenda kuzalia Ziwa Magadi, Kenya. Huko magadi yaliganda kwenye miguu ya makinda kama pingu. Watu wakaingia majini, akiwemo mpiga picha Alan Root, wakawavunjia makinda kwa maelfu pingu hizo. Tulipoisimulia habari hii kijijini, mzee mmoja alituuliza heroe hao ni Watanzania au Wakenya. Tulicheka, kisha tukakosa jibu.

Hata maji ya ziwa hayana uraia mmoja. Mto Ewaso Ng'iro wa Kusini unaotulisha unaanzia milima ya Mau, Kenya. Misitu ya huko ikikatwa, matope yanakuja kwetu. Maji yakichepushwa, ziwa linapungua kwetu. Huko Nakuru na Bogoria nako, miaka ya karibuni maji yamepanda, chumvi ikapungua, na vijimea ambavyo heroe hula vikapungua pia.

Serikali zetu hazikukaa kimya. Natron iliingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2001. Tanzania imo katika Mkataba wa Ndege wa Majini wa Afrika na Ulaya-Asia tangu ulipoanza kutumika mwaka 1999, Kenya ikaingia 2001, na mwaka 2008 ukatolewa mpango wa kimataifa wa kumlinda heroe mdogo. Mwaka huohuo kampuni iliyotaka kujenga kiwanda cha magadi kando ya ziwa ilijiondoa, na mawazo ya kuchimba magadi yakaelekezwa bonde la Engaruka. Tunasema wazi kwamba wazazi wengine hapa walizitaka ajira zile, na hawakukosea kuzitaka.

Klabu yetu huhesabu ndege wa majini kila Januari, ukingoni tu, kwa sababu ndani hakufikiki. Tuna darubini moja ya kuazima, na inaona vizuri upande wa kushoto peke yake. Hivyo mmoja huhesabu, mwingine huandika, wa tatu hubishana nao. Tumeshuhudia pia droni ya wageni ikishuka chini mno, kundi zima likaruka. Tuliwaeleza kwa upole, wakairudisha.

Maombi yetu ni haya. Tupatiwe darubini mbili. Utusaidie kupata shule rafiki upande wa Magadi, tuhesabu siku moja na kulinganisha daftari, pamoja na vibali vya wanafunzi kuvuka mpaka. Waongoza watalii wa hapa wapewe maelekezo ya maandishi kuhusu droni na kukanyaga tope la ukingoni. Na pale utakapokaa katika vikao vinavyojadili maji ya Ewaso Ng'iro, uwaulize wenzako wa Kenya kama ziwa lililo mwisho wa mto limehesabiwa katika mgao.

Tunaomba kuwasilisha.