Barua ya wazi: Mheshimiwa, ng'oeni zile bikoni

Mheshimiwa unayesimamia mipango miji,

Kwa heshima nakusalimu. Barua mbili za kawaida nimekwisha kukuletea, na nakala zenye muhuri wa kupokelewa ninazo. Leo naandika hadharani kwa sababu Alhamisi vijana walikuja na mashine ya kupimia, wakachimbia bikoni, vile vinguzo vya kuonyesha mipaka ya kiwanja, katikati ya eneo la wazi la mtaa wetu. Tulipouliza, tukaambiwa ni ghorofa tano za kupangisha.

Hatuwachukii wageni. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini; ya 2022 ikahesabu 765,179. Serikali imehamia, watumishi wanahitaji pa kulala, na mimi mwenyewe nina wapangaji wawili uani. Wapo majirani wanaoogopa kuchunguliwa kutoka ghorofani, au nyumba zao kushuka bei, sitawaficha. Wengi wetu tunaogopa maji, ya bombani na ya chooni.

Bomba langu linatoa maji siku mbili kwa wiki, tena usiku. Nalala nimetega alamu nisikose kujaza simtanki. Bomba la maji taka halijatufikia, kila nyumba ina shimo lake, na mwaka huu gari la kunyonya nimeliita mara tatu. Mshahara wa mwalimu unaishia shimoni. Ghorofa tano zitamwaga wapi? Nahisi ni korongoni, nyuma ya jiko langu.

Na eneo lile ndilo linalomeza maji ya mvua. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, lakini zikishuka zinashuka kwa kishindo. Januari maji yaliingia chumbani kwa mama yangu, tukambeba usiku pamoja na godoro lake. Ana miaka 81.

Nilinunua kiwanja hiki mwaka 2009 kwa mkopo. Kwenye ramani niliyoonyeshwa, pale pamepakwa kijani. Nawe, Mheshimiwa, kwenye mkutano wa mtaa ulisimama chini ya mbuyu ukasema halitajengwa jengo lolote kubwa kabla ya bomba la maji taka kufika. Tuliokupigia makofi tupo. Tarehe niliiandika kwenye daftari.

Leteni bomba kwanza. Ghorofa zijengwe palipopimwa kwa ajili ya ghorofa. Lakini pale, Mheshimiwa, ng'oeni bikoni. Desemba haiko mbali, na mama bado analala chumba kilekile. Ng'oeni bikoni.

Mkazi wako, mwalimu