Sabufa msiisokomeze kwenye kona

Asalaam aleykum Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye sabufa, maana kila mtu siku hizi anatafuta kubwa zaidi, akifika nayo nyumbani anaisokomeza kwenye kona nyuma ya kochi, nobu ya besi anaizungusha mpaka mwisho, halafu anashangaa mbona taarabu imekuwa ngurumo tupu. Na mimi nilikaa hivo hivo mwaka mzima.

Naishi Mji Mkongwe, na vyumba vyetu mnavijua, virefu na vyembamba, kwa sababu boriti ndo inayoamua upana. Changu kina upana wa mita 2.8 na urefu mita 6. Kila nikipiga taarabu, lile besi kubwa la kusimama likifika noti fulani chumba kizima kinavuma, noti ya pili yake huisikii kabisa, na vikombe vya bibi jirani vinagongana kabatini. Nikapeleka sabufa kwa fundi, akachukua pesa, akanirudishia ikiwa vile vile.

Kumbe sabufa haina kosa! Chukueni kasi ya sauti, kama mita 343 kwa sekunde, gawanyeni kwa upana wa chumba uliozidishwa mara mbili, mtapata noti ambayo chumba chenyewe kinaivumisha. Kwangu inakuja Hz 61, yaani mitetemo 61 kwa sekunde. Urefu unatoa kama 29, na mara mbili yake ni 57. Sasa tizameni, 57 na 61 zimekaa pua kwa pua, ndo pale pale panapovuma, na besi la kusimama linaanza chini kwenye Hz 41 hivi kwa hiyo linapapita kila mara. Kona ndo inayozichochea zote. Ukuta wa mawe na chokaa unairudisha sauti hiyo ndani, na mazulia na mapazia msiyategemee, wimbi la Hz 60 lina urefu karibu mita 6, pazia litalifanya nini?

Nilichofanya, niliibeba sabufa nikaiweka juu ya kiti ninachokaa mimi, nikapiga nyimbo moja ambayo besi lake linapanda na kushuka, nikatambaa kando ya kuta nasikiliza, pale noti zote zilipokaa sawa ndo nikaihamishia. Kwangu ikawa kati ya kona na mlango, kwako itakuwa pengine.

Baada ya hapo ndo nobu. Krosova, ile nobu inayoamua sabufa ipige sauti za chini ya kiasi gani, anzia Hz 80, ila kama amplifaya yako inakata yenyewe basi ile ya kwenye sabufa ipandishe mwisho, zisikatwe mara mbili. Fezi, ile swichi ya kufanya sabufa isukume sauti pamoja na spika za mbele zisipingane, mweke mtu kwenye kiti wewe ubonyeze 0 na 180, ibakishe pale besi linapojaa. Voliumu ya sabufa irekebishe baada ya hayo yote, ipunguze mpaka besi lionekane linatoka kwenye spika za mbele. Zile seti ndogo zisizo na fezi, sogeza tu na punguza besi.

Siku ya tatu bibi jirani akaniuliza, "Mwanangu, redio umeiuza?" Na mimi usiku ule nilikuwa nasikiliza kanuni (ile ala ya nyuzi), fidla na besi kila kimoja mahala pake.

Wauzaji wa Darajani na mafundi wanaokuja kufunga majumbani, nakuombeni msiondoke kabla hamjakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba mkasikiliza japo nyimbo moja nzima.

Msomaji wenu,
Mji Mkongwe, Unguja