Gitaa lililotoka kiwandani na kasoro

Mwanga, Kigoma

Kwako rafiki yangu Yohana, fundi wa Tabora,

Pokea salamu nyingi wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Kilichonifanya nishike kalamu ni lile galatoni, gitaa lisilotumia umeme, nililonunua kwa jamaa mmoja wa Kibirizi, sh 180,000, mali ya mkononi. Yohana, gitaa lile lina kasoro tangu kiwandani.

Miezi minne nimehangaika nalo. Ukilituni nyuzi zikiwa wazi, linatulia. Kodi, yaani nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja, zile za karibu na kichwa zinavumilika. Panda shingoni sasa: sauti inazidi kwenda juu, mpaka ukifika kati unaona aibu mbele ya waimbaji. Nilibadilisha nyuzi mara mbili. Nikadhani masikio yangu yamechoka. Kibaya zaidi, kuna kijana wa kwaya ninayemfundisha, nilimkaripia mbele ya wenzake kwamba anabana nyuzi kama anayekamua nguo. Mtoto akainamisha kichwa. Kumbe alikuwa anabana sawasawa.

Jumamosi nikagusa uzi juu ya freti ya 12, kile kijichuma cha kumi na mbili kinachokatiza shingo, bila kuubana, kama ulivyonifundisha, kisha nikaubana palepale. Sauti mbili hizo zinapaswa kulingana. Hazikulingana hata kwa uzi mmoja. Nikachukua futi. Kutoka nyuzi zinapoanzia kule kichwani hadi freti ya 12 ni sm 32.5. Kutoka hapo hadi mfupa wa darajani, pale nyuzi zinapokalia upande wa tumbo, ni sm 32. Unajua mwenyewe freti ya 12 ndiyo katikati, na kwa nyuzi za chuma upande wa daraja huzidishwa kama milimita mbili au tatu, maana uzi ukibanwa hukazika na sauti hupanda. Hapa badala ya kuzidi umepungua.

Nikajiuliza kama daraja liliwahi kung'oka likabandikwa upya. Nikamulika kwa tochi ya simu, nikaingiza kioo kidogo tumboni mwa gitaa. Vanishi haina kovu, gundi ya zamani haipo popote. Walilibandika pasipo mahali pake siku ile ile ya kwanza, wakalifunga kwenye boksi, likauzwa. Hilo ndilo linaloniuma. Mbao ni nzuri, shingo imenyooka, na sauti ya nyuzi nene inajaza chumba. Nusu sentimita tu imeliharibu.

Karatasi ya waranti nimeikuta mfukoni mwa begi lake. Imeandikwa wazi kuwa inamhusu mnunuzi wa kwanza peke yake. Jamaa aliyeniuzia nilimfuata, akasema yeye hapigi gitaa, alipewa na ndugu yake. Ninamwamini. Fedha hakurudisha, na sikumbana, kwa sababu nililipiga mbele yake nikaridhika. Nilipiga kodi za chini tu. Laiti ningepanda freti ya 12!

Kuna wanaoniambia niliuze kimya kimya. Siwezi, Yohana. Atakayelinunua naye atamkaripia mtoto wa mtu.

Sasa naomba mkono wako wa useremala. Kulibandua daraja zima kwa joto naogopa, uso wa mbele ni mwembamba. Nimefikiria hivi: uuzibe mfereji wa ule mfupa kwa kipande cha mpingo, kisha uchonge mwingine nyuma yake milimita saba au nane. Daraja ni pana, naona nafasi ipo, ila jicho lako ndilo la kuamua. Ukikubali nitamkabidhi mtu wa treni, na nitakufungia migebuka ya kutosha nyumba nzima. Gharama niambie bila kuona haya.

Kijana nilimwomba radhi Jumapili baada ya mazoezi, mbele ya wale wale. Tangu siku hiyo kila tukionana ananiuliza kama fundi wa Tabora amejibu.

Wako,
Elia