Barua kwa mwanangu: kabla hujairusha video hiyo

Rau, Moshi
Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Tangu tumalize kuongea jioni sijatulia. Ulikuwa na furaha kwenye simu, nikashindwa kukukatiza, ndiyo maana nimechukua kalamu. Umesema umempata yule msanii akiingia geti la soba hausi, nyumba ya kuwasaidia wanaoacha dawa za kulevya, huko Arusha, kofia imemfunika mpaka machoni, mkononi kashika ndoo ya plastiki na begi la nguo. Bosi wako anataka video irushwe Jumatano na kichwa cha habari ameshakiandika. Halafu ukaniuliza, "Baba, kwani nimemsingizia? Si ni kweli?"

Ni kweli. Nami nimeuza magazeti pale stendi ya Moshi miaka mingi, kabla hamjazaliwa na baada, nikijua kwamba mengi niliyokuwa nikiyauza yalikuwa ya kweli. Ada zenu zilitoka pale. Ndiyo sababu kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu.

Mwaka ule ulioanza darasa la kwanza, gazeti moja la udaku lilitoka na picha ya kijana wa hapa hapa Moshi aliyekuwa anaimba, jina lake limeshafika Dar. Picha nzima ukurasa wa mbele: amelala nyuma ya kibanda, mdomo wazi, mguu mmoja hauna kiatu. Juu yake maandishi mekundu: teja. Nililinadi gazeti lile tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nilipaza sauti mpaka makondakta wa Hiace wakawa wanakiitikia kichwa cha habari. Kama saa tatu hivi akaja mama mmoja wa makamo, kajitanda kanga, akasimama mbele ya meza bila salamu. Akachukua moja, akaitazama, akaikunja picha ikawa ndani. Akaniuliza, "Zimebaki ngapi, baba?" Nikamwambia arobaini na kitu. Akafungua fundo la kanga, akahesabu sarafu na noti zake pale mezani, zikatosha magazeti sita. Akayabeba kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, akaondoka kuelekea Majengo. Nilibaki na yale mengine. Mchana yalikuwa yamekwisha yote.

Sikujua mpaka jioni kwamba ni mama yake. Lakini hata kabla ya kujua, nilikuwa nimeona mikono yake inavyohesabu, na bado niliendelea kunadi. Hilo nimeishi nalo.

Umesema pia kwamba msanii wako ni mwongo, kwa sababu kwenye mahojiano yake amekuwa akiapa hajawahi kugusa unga, yaani heroini, kwa hiyo watu wana haki ya kujua. Hoja hiyo nimeikuta kwenye madaftari yako ya chuo uliyoyaacha chini ya kitanda. Usikasirike, nimeyasoma. Umeandika vizuri sana habari ya Naomi Campbell, yule mwanamitindo wa Uingereza. Naye alikuwa ameuambia ulimwengu kwamba hatumii dawa za kulevya. Tarehe 1 Februari 2001 gazeti la Mirror la London likaandika kwamba anatumia na kwamba anahudhuria vikao vya Narcotics Anonymous, kundi la watu wanaosaidiana kuacha dawa hizo, likaweka na picha yake akiwa mlangoni pa kikao. Akashitaki. Kesi ikapanda mpaka Bunge la Mabwana, ambalo wakati ule ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, na mwaka 2004 majaji watatu dhidi ya wawili wakampa ushindi. Fidia yenyewe ilikuwa pauni 3,500, pesa ndogo kwa mtu kama yeye.

Ila wewe mwenyewe umepigia mstari mwekundu pale penye uzito. Gazeti liliruhusiwa kusema kwamba alidanganya na kwamba anatibiwa, kwa kuwa ni yeye aliyejitangaza kuwa safi. Kosa lilikuwa kueleza matibabu yake kwa undani, na ile picha ya mlangoni. Majaji wale walijua kwamba mtu akiona mlango wa tiba una kamera, anaweza asirudi tena. Uliandika pembeni kwa penseli: "mlango wa tiba." Sijui mwalimu alisema nini siku hiyo, lakini maneno hayo matatu ndiyo yaliyoninyima usingizi, kwa sababu mlango wa namna hiyo naujua.

Baba yako mdogo hakuwahi kufanya kazi bandarini. Tulikwambia yuko Dar anapakua makontena, ukawaambia na rafiki zako shuleni. Alikuwa Dar anakunywa methadoni, dawa ya kuwatibu walioshikwa na unga. Alianza kuvuta unga hapa Moshi, akauza redio ya babu yako, akauza mabati ya banda la ng'ombe, na siku moja nilimkuta chooni kajikunja kwa arosto, yale maumivu ya kukosa unga, anatetemeka na jasho linamtoka kama mtu wa malaria. Wakati ule huduma ya methadoni ilikuwa Dar. Muhimbili walikuwa wameianza mwaka 2011, na kwa huku kwetu Kaskazini hakukuwa na kitu. Nikampandisha basi mimi mwenyewe.

Dawa ile ni ya maji, unapewa kwenye kikombe na unainywa pale pale mbele ya nesi, kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu. Hupewi uende nayo nyumbani mpaka wakuamini. Kwa hiyo kila siku unapita geti lile lile, saa zile zile. Fikiria kamera ikijua hilo. Yeye alikuwa anapanda daladala ya kwanza ili asikutane na mtu wa Kilimanjaro. Mwezi wa tano wa dozi, wakaja watu na kamera wakasimama nje ya geti. Wanatengeneza kipindi cha kuelimisha jamii, walisema, na nia yao huenda ilikuwa njema. Baba yako mdogo aliwaona akiwa ng'ambo ya barabara. Akageuza. Kesho yake akarudi, wapo, akageuza tena. Siku ya tatu hakuamka kwenda, maana arosto ilikuwa imeshampeleka maskani. Ukikosa siku kadhaa mfululizo dozi inashushwa, unaanza kupandishwa upya taratibu, kwa sababu mwili hauwezi tena kile kipimo cha mwanzo. Yeye hakwenda kupandishwa. Alirudi baada ya miezi saba, kilo zimebaki mifupa. Mungu ni mwema, alirudi.

Nimemwomba ruhusa kabla ya kukuandikia haya. Alinyamaza muda mrefu, akachezea funguo za pikipiki, halafu akasema, "Mwandikie, lakini jina la kliniki liache." Nimeliacha.

Sasa unaona kwa nini neno mwongo halinitoshi. Sisi nyumba nzima tulidanganya, na si kwa kutafuta faida. Ukisema ndugu yako ni teja hapa kwetu, binti zako hawaolewi, mkopo wa kikoba unaota mbawa, na kanisani benchi linahama. Mzee akilewa mbege mpaka akalala shambani tunamfunika koti na kusema kachoka. Mgonjwa wa unga tunampiga picha. Sijui tuliamua lini kwamba aibu ya mmoja ni ya kusitiri na ya mwingine ni ya kuuza, ila msanii wako anaijua hesabu hiyo kuliko mimi na wewe. Kwa nini aseme?

Wapo waliosema. Ray C, yule mwimbaji wa Bongo Fleva, tulimpenda sote, na aliposhikwa na unga nchi nzima ilijua. Mwishoni mwa 2012 alikwenda Ikulu kumshukuru Rais Kikwete kwa kumsaidia matibabu, na magazeti yale niliyauza bila kuona haya, kwa sababu alisimama mbele ya kamera akijua ipo. Baadaye akawa anaongea mwenyewe kuwaonya vijana. Nakumbuka akina mama wa sokoni Mbuyuni walinunua nakala na kuombea jina lake. Linganisha na Februari 2017, mkuu wa mkoa wa Dar wa wakati ule alipotaja majina ya watu maarufu hadharani, wakawa wanaripoti polisi na kamera zinawafuata. Wiki ile niliuza kuliko wiki yoyote ya mwaka. Watu walisoma majina kama matokeo ya mpira, na kwao kutajwa kulikuwa kumetosha, mahakama ya nini tena.

Sikuzuii kazi yako. Kama msanii huyo angekuwa anaingiza mzigo, au anawauzia watoto wa Ngarenaro, ningekwambia umfuate mpaka mwisho na mimi ningekulipia nauli. Tafuta anayeupitisha unga mpakani, mwenye gari, anayehongwa. Hao hawatembei na ndoo ya plastiki. Na sheria ninyi vijana mnaijua: Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka habari za afya kwenye taarifa nyeti. Lakini hata kama isingekuwepo sheria, ndoo ile aliinunua, mwanangu. Alikaa chini akafikiri atahitaji ndoo ya kufulia, maana atakaa huko miezi. Mtu aliyefika kununua ndoo ameshaamua. Hapo ndipo ulipomkuta.

Mwambie bosi wako kesho asubuhi, ana kwa ana, usimtumie meseji. Kama atakufukuza, rudi nyumbani, chumba chako kipo. Kama ni kodi ya chumba unachopanga huko Sakina inayokutia hofu, nina laki mbili za parachichi sijazigusa, nitakutumia ukinipigia. Na siku yule msanii akitoka, kama atataka kusema, mwandikie barua uache namba yako kwa wahudumu. Akikaa kimya, ndiyo jibu lake.

Video hiyo ifute kwenye simu na kwenye ile kadi ya kamera. Na kama uliituma kwenye kundi lenu la kazini, waombe mmoja mmoja nao wafute, usiandike tu kwenye kundi.

Baba yako