Kabla ya kuweka taa katika mapango yetu

Kwa Mhariri,

Kila utalii wa Goma unapozungumzwa, hakosi mtu wa kupendekeza kwamba mapango ya lava ya huku kwetu yawekewe umeme ili wageni waone vizuri. Naomba tusifanye haraka. Kuta za mapango hayo zina wenyewe.

Ule utando wa kijani kwenye mawe mabichi ya mlangoni ni mwani, viumbe ambavyo kimoja kimoja huonekana kwa hadubini tu. Hapo mlangoni huishi mwani wa kijani na diatomu, zenye maganda ya silika. Kadiri giza linavyozidi, hao hupungua na kuwaachia nafasi sianobakteria, ambao kitaalamu ni bakteria ingawa hujilisha kwa mwanga kama mimea. Katika mapango ya Carlsbad, Marekani, baadhi yao wamekutwa mahali ambapo jicho la mtu halioni kitu. Wana klorofili d na f, aina za rangi ya kunasia mwanga, zinazonasa mwanga mwekundu mno, tusioweza kuuona, unaodundadunda ukutani hadi ndani. Mimi hilo hunistaajabisha kuliko moto wa volkano yetu ya Nyiragongo.

Taa isiyozimwa huvuruga yote hayo. Chembe za mwani huingia kwa upepo, kwa matone ya maji, kwa viatu vyetu. Zikipata mwanga, zile zinazokua upesi hutawala ukuta na kuula. Pango la Lascaux, Ufaransa, lilifunguliwa kwa watalii mwaka 1948. Taa na pumzi za watu zilizaa madoa ya kijani, mwani uitwao Bracteacoccus minor, kwenye kuta zenye michoro ya maelfu ya miaka. Likafungwa 1963, na leo watalii huonyeshwa nakala.

Sisi hatujafika huko. Wanafunzi wa biolojia wachukue sampuli, kuanzia mlangoni hadi gizani, kabla waya wowote haujavutwa. Waongozwe na wanaojua mazuku, yaani hewa nzito ya kaboni dayoksaidi itokayo ardhini, maana hewa hiyo hutuama mashimoni na huua. Wageni wapewe taa za kichwani. Pakilazimika kuweka taa, ziwe hafifu, za manjano, ziwake mtu anapopita tu. Kuja kusugua ukuta kwa javeli, dawa ya klorini, baadaye kutaua pia viumbe vilivyokuwepo tangu mwanzo.

Wanaopanga miradi hii wawaite wanabiolojia sasa, wakati ramani bado iko mezani.

Mwalimu wa biolojia,
Goma