Barua kwa somo yangu kuhusu jumba la Wentworth Woodhouse

Rotherham, Uingereza

Somo yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu na kukutakia heri wewe na wote waliomo nyumbani, nakujibu lile uliloniuliza baada ya kutumiwa picha za jumba la kale la Kiingereza linalouzwa pamoja na bustani zake: inakuwaje mali kubwa namna ile itangazwe kwa bei ambayo katikati ya London ungepata nyumba moja tu ya maana? Naona nitakujibu vizuri zaidi nikikueleza habari za jumba lililo jirani nami huku Yorkshire ya Kusini, ambalo limeuzwa mara 3 katika umri wetu mimi na wewe.

Jumba hilo ni Wentworth Woodhouse. Ukilitazama kutoka mashariki unaona uso wa mawe wenye urefu wa takriban mita 185, na ndani mna vyumba zaidi ya 300, ingawa hesabu kamili hubishaniwa hadi leo. Kwa hakika ni nyumba mbili zilizopeana migongo: ile ya magharibi ni ya matofali, na ile ya mashariki, kubwa kuliko mwenzake, ilijengwa wakati mtindo wa ujenzi ulipobadilika na mwenye mali akawa hataki kupitwa na jamaa zake wa Wentworth Castle, jumba jingine la jirani, waliokuwa wakishindana naye kwa majengo. Aliyezijenga, katika karne ya 18, ni Markisi (cheo cha ukabaila) wa kwanza wa Rockingham. Mwanawe alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili, mwaka 1765 na tena mwaka 1782, na kwa kuwa hakuacha mtoto, mali yote ilimwendea mpwa wake wa ukoo wa Fitzwilliam.

Sasa tafadhali zingatia jambo hili, somo, maana ndipo lilipo jibu la swali lako. Jumba la aina hii halikujengwa lijitegemee. Lililishwa na mashamba yaliyolizunguka, na kodi za wapangaji wa mbali mpaka Wicklow huko Ireland, na baadaye, zaidi ya yote, na makaa ya mawe yaliyochimbwa chini ya ardhi ya ukoo huo. Watumishi, kuni, nyama, vigae vya paa na mishahara ya maseremala vilitoka katika ardhi hiyo. Ukiliondoa jumba katika ardhi iliyokuwa ikililisha, unabaki na tumbo lisilo na shamba, na mnunuzi ndiye atakayelazimika kulijaza kutoka mfukoni mwake kila mwaka, atake asitake. Ndiyo maana bei iliyoandikwa kwenye tangazo huwa ndogo: sehemu kubwa ya gharama haijaandikwa.

Makaa hayo hayo yaliyolitajirisha jumba karibu yaliangamize. Mwaka 1946 serikali ya chama cha Labour, kupitia kwa Waziri wa Nishati Emanuel Shinwell, iliamuru makaa yachimbwe kwa kufukua ardhi ya juu, na mitambo ikaingia katika bustani mpaka karibu na milango ya upande wa magharibi. Miti ilikatwa, bustani zilizotunzwa kwa vizazi zikafukuliwa, na kifusi kikarundikwa mbele ya madirisha. Uchunguzi ulioombwa na mwenye nyumba kutoka Chuo Kikuu cha Sheffield ulisema makaa yenyewe yalikuwa duni mno kiasi cha kutostahili kuchimbwa, lakini hakusikilizwa mtu. Walioinuka kulitetea eneo hilo, somo, walikuwa wachimbaji wenyewe. Chama chao cha wafanyakazi cha Yorkshire, kikiongozwa na Joe Hall, kiliipinga serikali ambayo wanachama wake waliipigia kura, kwa sababu bustani zile zilikuwa wazi kwao, na wao na watoto wao ndimo walimopumzikia. Nimeyasoma mengi kuhusu mahali hapa, na hakuna lililonigusa kama hili. Watu waliokuwa wakishinda gizani chini ya ardhi ile walijua thamani ya kilichokuwa juu yake kuliko waliokuwa wakitawala kutoka London, na nasema bila kusita kwamba wao ndio waliokuwa na haki.

Baada ya hapo ukoo haukuwa na uwezo wa kuishi humo kama zamani. Kodi za mirathi zilikuwa zimewaelemea makabaila wa nchi nzima, na katika karne ya 20 zaidi ya majumba elfu moja ya namna hii yalibomolewa Uingereza, mengine mawe yake yakauzwa kwa tani. Wentworth Woodhouse liliokolewa na Lady Mabel, binti wa ukoo huo aliyekuwa na msimamo wa kisoshalisti, ambaye alisaidia lipangishwe kwa serikali ya jimbo na kufanywa chuo cha kuwafundisha wasichana ualimu wa michezo. Chuo kilidumu hapo hadi mwaka 1979, kikaja chuo cha ufundi (politekniki) cha Sheffield, nacho kikaondoka mwaka 1988 kwa sababu ya gharama za matunzo.

Tangu hapo ndipo mauzo yalipoanza. Mnunuzi wa kwanza, wa mwaka 1989, hakudumu. Mwaka 1999 msanifu majengo Clifford Newbold alilinunua kwa kiasi kinachotajwa kuwa pauni milioni 1.5 na ushei, jumba zima, somo! Akaingia kulikarabati pamoja na wanawe, chumba baada ya chumba, na mimi namheshimu kwa kazi hiyo. Alipofariki mwaka 2015 liliwekwa sokoni tena kwa pauni milioni 8, pamoja na ekari zipatazo 80 tu za viwanja, kwa kuwa kijiji na mashamba yanayolizunguka ni mali ya wengine. Kampuni moja ya Hong Kong ilikubali kununua, kisha ikajitoa. Hatimaye mwaka 2017 lilinunuliwa kwa pauni milioni 7 na taasisi ya amana iliyoundwa kwa ajili ya kulihifadhi, baada ya michango kukusanywa.

Linganisha sasa bei hiyo na matengenezo, ambayo yalikadiriwa kuzidi pauni milioni 40. Paa peke yake lilikuwa linavuja kiasi kwamba serikali iliahidi pauni milioni 7.6 kwa kazi za dharura hata kabla mauzo hayajakamilika. Tena mwenye nyumba hana ruhusa ya kufanya apendavyo, kwani majengo ya daraja la kwanza kama hili, yaani daraja la juu kabisa katika orodha ya majengo ya kihistoria, yanalindwa na sheria: kubadili dirisha au kubomoa ukuta bila kibali ni kosa la jinai. Mimi naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, lakini mnunuzi lazima ajue kwamba ananunua wajibu.

Naona pia kwamba safari hii jumba limefika mikononi panapostahili. Leo bustani ziko wazi kwa umma, na wengi wanaojitolea kuzitunza ni watu wa vijiji vilivyokuwa vya migodi.

Basi lile tangazo ulilotumiwa lisome upya. Tazama ni ekari ngapi zinazokwenda na nyumba na kama zinaingiza chochote, uliza paa liliezekwa upya lini na nani alilipa, na uulize jengo liko daraja gani kisheria. Kama dalali hajayataja haya, niandikie jina la mahali penyewe nami nitakutafutia, kwa sababu orodha ya majengo yanayolindwa Uingereza iko wazi kwa kila mtu.

Wasalaam,
Ni mimi somo yako