Gari la kuazimwa lililokuja na ankara

Mhariri,

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu kwenye gereji moja jijini Dar es Salaam kubadilishiwa oili na pedi za breki, nikaahidiwa kulichukua jioni, lakini likakaa siku nne kwa sababu kipuri hakikuwapo. Nilipewa gari jingine la kutumia, na kwa kuwa kila alfajiri natoka Tabata kwenda Posta nikiwa na watoto wawili wa shule, nilishukuru bila kuuliza mengi (kosa langu, nakiri). Siku ya kulipa, chini kabisa ya ankara, nikaona: “gari mbadala, siku 4”, kwa kiasi kilichozidi bei ya oili yenyewe.

Sipingi kulipia, maana gari lile nalo huchakaa na lina bima. Ninachokataa ni kutozwa siku tatu za ucheleweshaji wa gereji yenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji. Hivyo naomba Tume izitake gereji ziandike bei hiyo kwenye fomu ya kupokelea gari, kabla mteja hajakabidhi ufunguo.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam